Unataka kazi ya elimu makumbusho? Anza na watu wa shehia yako

Kila yanapopita mahafali ya vyuo, vijana hunifuata na swali moja: nimemaliza, napenda historia ya Zanzibar, nitaingiaje makumbusho? Nikiwauliza wanataka kufanya nini humo ndani, wengi hutaja kutembeza wageni au kutunza vitu kwenye makabati. Kazi hizo zipo na zina heshima yake. Ninayoifanya mimi ni nyengine, na wachache wanaijua: kumleta mtoto wa Kwahani, mama wa Makunduchi na mvuvi wa Kojani karibu na mambo ya kale, mpaka wayaone kuwa yao na waseme wanachokijua juu yake.

Hatuna upungufu wa mahali pa kufanyia. Mjini kuna Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja, jengo la makuba lililofunguliwa mwaka 1925, na Kasri ya Forodhani yenye vyumba vinavyomkumbusha mtu Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, na ndugu zake. Pemba wana makumbusho yao ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake. Nje ya miji kuna hamamu ya Kidichi, magofu ya Mtoni na Maruhubi, Fukuchani, msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, na magofu ya ngome ya mtawala wa kale Mkama Ndume kule Pujini, Pemba. Pamoja na utajiri wote huo, wako watu waliozaliwa Mjini na kuzeekea Mjini ambao hawajawahi kuvuka kizingiti cha hata moja ya nyumba hizo. Nimewasikia wakubwa wakisema wananchi hawana hamu na historia. Mimi sikubali. Kaa barazani baada ya sala ya alasiri usikilize mazungumzo, utajua hamu ipo tele. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita na kuwapa sababu ya kuja.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: jifunze kufundisha kwa kitu kimoja. Ziara nyingi za skuli huenda hivi: watoto wanashuka kwenye gari, wanapangwa foleni, wanapitishwa kila chumba, na wale wenye bidii wananakili vibao neno kwa neno kwenye madaftari. Wakirudi nyumbani wamechoka, na ukiwauliza waliona nini watakwambia waliona vitu vya zamani.

Mimi hupenda kuanza na pishi. Naweka mezani pishi na kibaba, vipimo vya zamani vya nafaka, na mchele kwenye ungo, halafu nauliza nani nyumbani kwao wametoa fitri. Mikono yote inakwenda juu. Walitoa kiasi gani? Wanajibu kilo mbili na nusu, kwa sababu ndivyo mchele unavyopimwa dukani siku hizi. Basi namwita mmoja aje apime kwa kibaba amimine ndani ya pishi, wenzake wahesabu kwa sauti. Vibaba vinne, pishi imejaa. Tukiipeleka kwenye mizani wanaona wenyewe kuwa haiko mbali na zile kilo za dukani, na nyuso zinabadilika. Kitu kilichokuwa kwenye kabati kimekuwa kitu cha ibada yao na cha jikoni kwao.

Kutoka hapo mlango uko wazi. Nikiwa Pemba nawaambia kuwa zamani mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi alizochuma, na nawatuma waende wakawaulize babu na bibi zao ilikuwaje. Kesho yake wanarudi na mambo ambayo hayamo kwenye kibao chochote. Mmoja kaambiwa na bibi yake kuhusu ugomvi wa mwenye shamba aliyetaka pishi ijazwe mpaka ifanye kilima, na mchumaji aliyetaka ifutwe sawasawa kwa kiganja. Ndani ya ugomvi huo kuna somo zima la kazi, haki na biashara ya karafuu, na limeletwa na mtoto wa darasa la tano. Kazi yangu ikabaki kuandika jina la bibi, jina la kijiji na alichosema.

Ushauri wa pili ni mgumu zaidi, na nadhani ndio unaomtenganisha mwalimu wa makumbusho na mtu aliyekariri maelezo. Sikiliza hata unapohisi unayoambiwa hayalingani na ulichosoma. Mfano wangu mzuri ni chui wa Unguja. Katika hazina ya makumbusho yetu yumo chui aliyekaushwa, wa aina iliyokuwa ikipatikana kisiwani hapa peke yake. Kitabuni utasoma kuwa alisakwa na kuuliwa hata akadhaniwa ametoweka, na kuwa mwaka 2018 zilitangazwa picha za kamera ya msituni zilizoonyesha chui. Nenda sasa Unguja Kusini, kaa na wazee, uwaulize kuhusu chui. Watakusimulia chui wa kufugwa: watu waliokuwa na chui wao, wakiwatuma, wakiwaogopesha majirani kwao. Watakueleza na jinsi chui walivyosakwa baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na kwa nini waliosaka waliona wanawaondolea watu uchawi.

Mwalimu mwenye haraka atasema hizo ni imani tu, twende kwenye sayansi. Akisema hivyo amefunga mdomo wa mzee, na pamoja nao amefunga sehemu kubwa ya sababu iliyomwangamiza mnyama yule. Huwezi kumweleza mtoto kwa nini chui amekuwa adimu Unguja bila kumweleza watu walikuwa wakimwogopa vipi. Mimi huyaweka yote mawili mbele ya wanafunzi: huyu hapa mnyama, haya ndiyo ambayo wataalamu wamepima, na haya ndiyo ambayo wazee wenu wameyaishi. Wanaweza kuyabeba yote. Watoto wana akili kubwa kuliko tunavyowapa nafasi.

Pango la Kuumbi, Jambiani, ni hivyo hivyo. Uchimbaji wa wataalamu umeonyesha kuwa watu walilitumia takriban miaka 20,000 iliyopita, na mifupa ya punda milia iliyopatikana humo inatukumbusha kuwa Unguja ilikuwa imeungana na bara kabla bahari haijapanda. Mtoto wa Jambiani akiambiwa punda milia walitembea kijijini kwao hulala na habari hiyo kichwani. Lakini pango hilo pia ni mahali pa tambiko kwa wenyeji, na wao ndio wanaojua taratibu zake. Ukienda na darasa bila kuzungumza nao kwanza, umewavunjia heshima, na hutapata tena mtu wa kukusaidia pale.

Nikija kwenye kazi ya vijijini yenyewe: anzia kwa sheha, kiongozi wa shehia, daima. Barua ya ofisi ni muhimu, lakini nenda mwenyewe, kaa, eleza unataka nini na kijiji kitapata nini. Baada yake tafuta walimu wa skuli na wa madrasa, maana watoto wale wale asubuhi wako huku na alasiri wako kule. Na tafadhali jifunze kalenda ya watu kabla ya kupanga kalenda yako. Kinamama wa mwani wa Paje na Bwejuu huwapati wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wako baharini; subiri maji mafu, yanapokupwa kidogo. Wanaume wa Kojani wanaweza kuwa dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, wiki nyingi. Msimu mkubwa wa karafuu ukiingia Pemba, kila mkono una kazi. Ramadhani watu wamefunga, na usiku ni wa tarawehe. Masika barabara za ndani zinakatika. Makunduchi mwezi wa Julai, watu wana Mwaka Kogwa wao, sherehe ya mwaka mpya. Nimeona miradi yenye fedha nzuri ikikosa watu kwa sababu aliyepanga tarehe aliipanga ofisini, kisha ripoti ikaandikwa kuwa jamii haikuitikia mwito. Jambo hili huniuma, kwa sababu ripoti kama hiyo husomwa na wanaoamua fedha za mwaka unaofuata.

Kuna somo moja linalohitaji moyo wa peke yake, nalo ni utumwa. Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash, leo kuna kanisa kuu la Anglikana, maonyesho, na zile sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya kuuondoa hapa ilikuja mwaka 1897, na wanawake waliokuwa masuria walibaki nje yake mpaka mwaka 1909. Miaka hiyo ijue barabara, ukiichanganya, watu watakusahihisha. Juu ya miaka, jua kuwa darasani kwako wamekaa pamoja watoto ambao mababu zao waliuzwa na watoto ambao mababu zao walinunua, na wapo wenye damu zote mbili. Usimwoneshee mtoto kidole kwa jina la ukoo wake wala kwa rangi yake, na usiruhusu mwenzake afanye hivyo. Wala usiipunguze habari yenyewe ili watu wazima wasikereke. Mimi huwapa muda wa kukaa kimya wakiziangalia sanamu, kisha nauliza maswali kuhusu walioletwa hapa: walitoka wapi, walipitishwa njia gani, walisema lugha gani, walituachia nini katika ngoma, chakula na maneno yetu. Wakizungumza juu ya watu wale kama watu, somo limekaa.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib ilianguka ikiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Jengo lile la mwaka 1883 lilikuwa ndilo uso wa makumbusho yetu, na siku ile niliona watu wazima wakilia Forodhani, wakiwemo ambao hawakuwahi kuingia ndani. Nakumbusha hilo kwa sababu kuna vijana wanaoniambia watasubiri majengo yakamilike ndiyo waanze. Elimu ya makumbusho haisubiri paa. Sanduku lenye vitu vichache vya kushikwa mkononi, mkeka, na ruhusa ya mwalimu mkuu vinakutosha kufanya kipindi kizuri skuli yoyote ya Micheweni au Donge. Huko nje ndiko nilikojifunza zaidi kuliko ndani ya kuta.

Sasa ya kuingia kazini. Kwa masomo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia na urithi, na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kuna ualimu, Kiswahili na utalii. Ukiniuliza mimi, shahada ya ualimu pamoja na kupenda historia inafaa kazi hii vizuri kama shahada ya akiolojia, kwa sababu vitu vinaweza kusomwa baadaye lakini subira ya kukaa na watoto huja kwa mazoezi ya miaka. Kiingereza unakihitaji kwa maandiko na barua za miradi. Kiswahili kizuri unakihitaji zaidi, pamoja na sikio la Kimakunduchi, Kipemba na Kitumbatu.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Mwenye leseni ya kutembeza watalii anaweza, msimu ukiwa mzuri, kupata kwa siku chache kile ambacho mwalimu wa makumbusho atakisubiri mwisho wa mwezi. Ajira za serikali hutangazwa kwa nadra, na kazi nyingi za elimu huja kwa mikataba ya miradi inayoanza na kumalizika. Wengi niliowaona wakidumu waliunganisha: kusomesha skuli, kutembeza wageni baadhi ya siku, na mradi ukija wanaingia. Hakuna aibu katika hilo. Ukiombwa kujitolea, kubali kwa muda unaojulikana, upewe nauli, na kazi yako iandikwe jina lako. Taasisi inayokutaka miezi na miezi bila hata nauli haikufundishi, inakutumia.

Usichoke pia kufuatilia yanayojiri kwenye makumbusho ya dunia. Mwaka 2022, mjini Prague, Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha maelezo mapya ya makumbusho ni nini, na ushiriki wa jamii ukawekwa humo waziwazi. Ukiandika ombi la kazi au la fedha, lishike hilo. Linakupa nguvu unapomweleza mkubwa kwa nini gari liende Tumbatu badala ya kubaki Mjini. Tarehe 18 Mei ni siku ya makumbusho duniani, na ni wakati mzuri wa kubisha hodi na wazo lako mkononi.

Wazo hilo lisiwe maneno matupu. Kabla ya kupeleka barua, chagua kitu kimoja nyumbani kwenu au kwa jirani: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, kasha la arusi ya bibi, dema la babu la kutegea samaki. Kaa na mwenyewe, muombe ruhusa, andika alivyokipata, alivyokitumia na nani alimfundisha. Halafu kusanya watoto wa mtaani siku ya mapumziko, uwape kipindi cha nusu saa juu ya kitu hicho, mwenye kitu akiwepo na akisema kwa mdomo wake. Andika ukurasa mmoja: nini kilikwenda vizuri, watoto waliuliza nini, mwenye kitu alisahihisha nini. Ambatisha ukurasa huo na vyeti vyako. Mimi nikiletewa maombi kumi, huo ndio ninaousoma kwanza.