Bomba chini ya ziwa: hofu iko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Tanga linapita wilayani kwetu. Nasikia Wasioux wa Standing Rock, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, walipiga kambi mwaka 2016 kupinga bomba la mafuta kwao. Kama lingefukiwa chini kabisa ya ziwa, waliogopa nini?
Msomaji, Nzega, Tabora

JIBU: Waliogopa tundu dogo, ndugu. Bomba la Dakota Access, kipenyo inchi 30, hupita chini ya Ziwa Oahe, bwawa la Mto Missouri wanakochota maji ya kunywa. Mitambo hulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka. Bomba likipasuka, presha hushuka ghafla na valvu hufungwa. Lakini yakivuja polepole, upungufu hujificha ndani ya tofauti za kawaida za vipimo. Piga hesabu: asilimia 1 ya mapipa 570,000 yaliyopangwa kupita kwa siku ni mapipa 5,700, yaani takriban lita 906,000. Na Januari, ziwa likiwa limeganda barafu, hapiti mchungaji wa kunusa harufu.

Lipo pia suala la mikataba ya Fort Laramie ya 1851 na 1868, ambamo serikali ya Marekani iliwatambulia Wasioux ardhi yao. Tena, njia ya kaskazini mwa mji wa Bismarck ilifikiriwa ikaachwa, sababu mojawapo vyanzo vya maji vya mji. Hilo liliwachoma, na walikuwa na haki. Mafuta yanapita tangu 2017.

Lenu lina jambo lake: mafuta ya Uganda yana nta, hivyo lazima yatunzwe kwenye joto la nyuzi 50 au zaidi yasigande. Kwenye mkutano wa kijiji ulizeni valvu ya karibu iko kilomita ngapi kutoka kwenye mto au kisima chenu, na anayeona doa la mafuta ampigie nani.