Prom bila kumaliza akiba ya nyumbani: maswali yenu

Msimu ndio huu, shule nyingi za Marekani zinafanya prom, ile dansa rasmi ya wanafunzi wa sekondari, kati ya Aprili na Juni na maswali yenu karibu yote ni ya hela. Twende nayo moja moja.

Anti, binti yangu yuko mwaka wa mwisho, kaniletea listi: tiketi, gauni, viatu, nywele, kucha, limo (lile gari refu la kifahari la kukodi), dina, mpiga picha. Napiga shifti mbili na bado hiyo hela siioni. Naanza kukata wapi?

Pole mama. Chukua hiyo listi utie alama kila kitu kinachoisha kabla mtoto hajaingia ukumbini. Limo, dina, mpiga picha, utaona pesa ya prom kumbe inaliwa na masaa mawili ya mwanzo, ukumbini kwenyewe ambako ndiko kuna DJ na marafiki panakula tiketi tu. Kwa hiyo tiketi ilipe kwanza na ulipe mapema, shule nyingi bei inapanda kadiri tarehe inavyokaribia. Alafu uliza kama humo ndani kuna chakula, manake kuna watoto wanakula dina ya gharama saa kumi na mbili jioni halafu saa mbili wanakuta bufee imetandikwa na hawana pa kuiweka.

Baada ya hapo mpe kiasi kimoja, tuseme dola 150 za vilivyobaki vyote, agawe mwenyewe. Mtoto akishika hela mkononi anakuwa bahili kuliko wewe, mi nakwambia.

Magauni madukani bei imenishinda na sitaki nionekane nimeokoteza. Nifanyeje?

Mdogo wangu, gauni la prom linavaliwa usiku mmoja tu, ndio maana soko la mtumba ya magauni haya ni zuri kuliko la nguo nyingine yoyote. Anza na dada waliomaliza mwaka jana, gauni limening'inia kabatini halina kazi, wengi wanaazima au wanauza kwa bei ya chee. Kisha maduka ya mtumba kama Goodwill, hasa yaliyo karibu na mitaa ya wenye nacho. Na kuna mashirika yanayogawa magauni bure kabisa, Becca's Closet iliyoanzia Florida mwaka 2003 ina matawi majimbo mengi, muulize kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi, wa shule yako kama kuna tawi au zoezi kama hilo hapo jirani, wenyewe ndio wanaojua.

Ukilipata usiliangalie kwenye hanga ukashangilia. Lipeleke kwenye mwanga, ligeuze ndani nje. Angalia kwapani kama kuna alama za jasho au diodoranti, hizo kwenye satini hazitoki kirahisi. Funga na fungua zipu yote mara kadhaa, ikikwama kiunoni jua itakwama na siku yenyewe. Pindo la chini likiwa chafu usiogope, hilo linakatwa. Muhimu kuliko vyote angalia mishono ya ubavuni, kama wameacha kitambaa cha ziada ndani basi fundi anaweza kulitanua, kama hakuna unachokiona ndicho hicho hicho. Kubwa kidogo nunua, dogo achana nalo hata kama umelipenda vipi. Na ukienda kwa fundi kupunguza urefu nenda na viatu utakavyovaa, watu wanapima peku halafu usiku wa prom gauni linaning'inia juu ya vifundo kama la kuvukia mto.

Aa, na soma sheria za mavazi za shule yako kabla hujalipa. Mgongo wazi na mpasuo mrefu kuna shule wanakurudisha mlangoni.

Na sisi wanaume je? Kukodi taksido, ile suti rasmi ya sherehe, au kununua suti ya kawaida?

Kama nyumbani kuna suti nyeusi inayokukaa mabegani, umemaliza, nunua tai ya bo na pasi shati. Mabega ndio siri, mikono na suruali fundi anarekebisha kwa hela kidogo ila mabega ni kuifumua koti nzima. Kukodi si kubaya, ila soma faini za kuchelewa kurudisha na za madoa, na jumlisha viatu kama vinakodishwa pembeni. Mara nyingine ukijumlisha unakuta suti ya mtumba ingekuwa yako moja kwa moja na mahafali ungeivaa tena.

Marafiki wanataka limo, kila mtu atoe mchango. Nikikataa naonekana mnoko.

Kataa mapema, ndio hutaonekana mnoko, ukikataa wiki ya mwisho umewavurugia hesabu. Limo inalipwa kwa saa, kuna kima cha chini cha masaa hata kama safari ni dakika ishirini, juu yake kuna bakshishi ya dereva. Waambie gari la mzazi lioshwe vizuri, mjomba mmoja awe dereva, mchango wa petroli tu. Ila msijiamulie mmoja wenu aendeshe bila kuangalia sheria ya jimbo lenu. California kwa mfano, kijana mwenye leseni ya muda, ile wanayopewa walio chini ya miaka 18, mwaka wa kwanza haruhusiwi kuendesha kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, wala kupakia abiria wa chini ya miaka 20 bila mtu mzima mwenye leseni wa miaka 25 au zaidi. Majimbo mengi yana kitu kama hicho.

Kosaji, yale maua ya mkononi, naweza kutengeneza mwenyewe?

Unaweza, na wala haionekani tofauti. Chukua karnesheni ndogo, zinavumilia kukaa bila maji kuliko waridi. Kata shina libaki fupi kama kidole gumba, pitisha waya mwembamba kwenye kile kikombe cha kijani chini ya ua, ukunje ushuke na shina, kisha zungusha ule utepe wa kijani wa maua huku unauvuta, usipouvuta haunati. Funga tatu pamoja kwenye riboni ya lastiki. Tengeneza usiku wa kuamkia prom, nyunyizia maji, weka kwenye friji mbali na matunda, hasa tufaha, zinayachosha maua haraka.

Sina deti, yaani mwenzi wa kwenda naye, na hata tiketi yenyewe sijui kama nitaiweza. Nibaki nyumbani?

Deti si sharti, nenda na kundi, tena ukumbini utacheza na watu wengi zaidi. Tiketi nenda kwa kaunsela ukamwambie waziwazi faraghani, shule nyingi zina fungu dogo la kupunguza au kufuta bei ila halitangazwi, na huwa linaisha kwa waliowahi, kwa hiyo nenda wiki hii. Ukiwa hapo uliza pia kama wazazi wanaandaa afta-prom shuleni, sehemu nyingi ipo, michezo na chakula mpaka usiku wa manane, kiingilio bure au kidogo sana.