Kadi ishuke mstari lini? Mwachie kontena aamue

Malalamiko ninayoyasikia sana kwa wanaotengeneza kurasa za wavuti ni haya: kwenye skrini kubwa kila kitu kimekaa vizuri, kwenye simu pia, lakini mtumiaji akivuta ukingo wa paneli ya pembeni, vitufe vinabanana, kadi moja inabaki peke yake chini na kiungo kirefu kinatokeza nje ya boksi. Mara nyingi chanzo ni kimoja. Skrini ndiyo iliyopewa uamuzi wa kushusha mstari, ilhali kinachobadilika upana ni kontena, yaani boksi linalobeba vitu hivyo. `@media`, sharti la CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa), hupima dirisha la kivinjari. Kontena lako likibanwa hadi nusu, yenyewe haina habari.

Kwa hiyo ninashauri hivi: kila elementi ya ndani (kadi, kitufe au kiungo) itaje upana mdogo kabisa inaoweza kusomeka nao, halafu kontena ligawe nafasi lililonayo.

Kwanza jitengenezee mahali pa kujaribia. Lipe kontena `resize: horizontal` pamoja na `overflow: auto`, kwa sababu `overflow` ikibaki `visible` ile ya kwanza haifanyi kazi. Kishikio kitatokea kwenye kona ya chini. Kivute taratibu uone mpangilio unaharibikia wapi hasa. Njia hii imenifaa kuliko orodha yoyote ya vipimo vya simu.

Sasa chukua kadi tatu ndani ya kontena lenye `display: flex`, yaani fleksi, mpangilio unaoweka vitu kwenye mstari. Ukiishia hapo hazitashuka kamwe, maana chaguo-msingi ni `nowrap`. Ongeza `flex-wrap: wrap`, `gap: 16px`, na kila kadi uipe `flex: 1 1 240px`. Hiyo 240 ndiyo inayoamua. Kivinjari hujumlisha vipimo vya mwanzo kabla ya kufikiria kubana chochote: 240 mara tatu, ongeza nafasi mbili za 16, jumla pikseli 752. Kontena likiwa na 752, kadi zote zinakaa mstari mmoja. Likiwa na 751, ya tatu inashuka. Kuchezea `flex-shrink` hakutaizuia, kwa kuwa kubana hufanyika baada ya mistari kugawanywa. Hakikisha pia kuna `box-sizing: border-box`, la sivyo `padding` (nafasi ya ndani ya kadi) inaongezwa juu ya ile 240 na hesabu yako haitalingana na unachokiona.

Kadi iliyoshuka itatanuka ijaze mstari mzima, kwa sababu ya ile 1 ya mwanzo kwenye `flex: 1 1 240px`, inayoruhusu kutanuka. Kwa vitufe sioni tatizo, ila kwa kadi za picha ninaona haipendezi. Hapo ninahamia kwenye gridi:

`grid-template-columns: repeat(auto-fill, minmax(min(240px, 100%), 1fr));`

Safu zinabaki na upana sawa hata mstari wa mwisho ukiwa na kadi moja. Usiiache ile `min(240px, 100%)`: bila hiyo, kontena likiwa jembamba kuliko 240 kadi zitamwagika nje.

Kile kiungo kirefu kina kisa chake. Elementi iliyo ndani ya fleksi huanza na `min-width: auto`, yaani inakataa kuwa nyembamba kuliko neno lake refu kuliko yote. Wengi huweka `overflow-wrap: break-word`, inayoruhusu neno refu kukatwa, wakashangaa hakuna kilichobadilika. Thamani hiyo haihesabiwi kivinjari kinapotafuta upana mdogo wa elementi. `Anywhere` ndiyo huhesabiwa. Tumia `anywhere`, au ongeza `min-width: 0` kwenye elementi yenyewe.

Vitu visivyofaa kutenganishwa, kama lebo na kisanduku chake cha kujazia, vifunge ndani ya `div` moja ili vishuke pamoja.

Ukitaka umbo la kadi lenyewe libadilike, mathalani picha ihame kutoka juu kwenda ubavuni, tumia `@container`, inayopima kontena badala ya dirisha. Vivinjari vyote vikubwa vinaiunga mkono tangu Februari 2023. Mzazi unampa `container-type: inline-size`, na masharti yanawahusu walio ndani yake, si yeye mwenyewe. Angalia jambo moja: mzazi huyo hapati tena upana kutokana na vilivyomo, kwa hiyo akiwa ndani ya fleksi bila kipimo chochote anaweza kusinyaa hadi sifuri. Mpe `flex: 1`.

Ninawasihi msipange upya vitu kwa `order` au `wrap-reverse` ili tu mstari upendeze. Anayetumia kibodi hufuata mpangilio wa HTML, na kiashiria chake kitaruka huku na huko asijue yuko wapi. Mwisho kabisa, kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha la pikseli 1280. Unabaki na upana wa 320, kiwango ambacho WCAG (miongozo ya kufanya wavuti utumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu) inataka maandishi yasomeke bila kusogeza ukurasa kwenda kando.