Kabla hujahama Massachusetts kwenda Texas: hesabu ya mfukoni na makaratasi

Mkataba wa pango ukikaribia kuisha na mwenye nyumba akapandisha bei tena, familia nyingi za Wakenya, Watanzania na Wakongo wa Lowell, Worcester na Boston huanza mjadala uleule: tubanane hapa, au twende Texas? Kwa kawaida kuna ndugu kule aliyekwisha kutuma picha ya nyumba ya vyumba vinne yenye gereji ya magari mawili, na amesema hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Anasema kweli. Ila pango na kodi ya mapato ni mistari miwili tu katika bajeti yako, na iko mingine inayokwenda kinyume. Linganisha kile kitakachobaki mkononi mwisho wa mwezi, kwa kazi unayoifanya wewe, siyo kazi ya huyo ndugu.

Anza na mshahara. Massachusetts hairuhusu kulipa chini ya dola 15 kwa saa tangu Januari 2023. Texas inafuata kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25, ambacho hakijapanda tangu 2009. Waajiri wengi hulipa zaidi ya hapo, lakini sakafu ikiwa chini, malipo ya wanaoanzia chini hushuka nayo: CNA (wasaidizi wa wauguzi), wahudumu wa wazee majumbani, wapishi, wafanyakazi wa maghala. Muuguzi mwenye leseni kamili (RN) na dereva wa malori mwenye leseni ya CDL huumia kidogo, kwa sababu wanagombewa kila mahali.

Kwa hiyo kaa chini, tafuta matangazo kumi ya kazi yako hasa ndani ya maili 20 za mtaa unaoufikiria. Kila tangazo andika kiwango cha chini cha mshahara, maana cha juu huwekwa kwa ajili ya kuvutia macho. Kisha piga simu sehemu tatu na uulize mambo manne: nyongeza ya shifti ya usiku ni kiasi gani, wanahakikisha saa ngapi kwa wiki, bima ya afya inaanza baada ya siku ngapi, na kuikatia familia nzima kunakula kiasi gani cha mshahara. Swali la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo linaloweza kubadilisha uamuzi wote.

Chukua mfano wa mke na mume wenye watoto wawili na mapato ya dola 90,000 kwa mwaka. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Pango linashuka kutoka 2,700 hadi 1,700: wamepata 1,000 kwa mwezi. Kodi ya jimbo ya asilimia 5 inaondoka, na baada ya misamaha ya familia hiyo ni kama 250 kwa mwezi. Jumla 1,250. Sasa upande wa pili. Mama ni CNA, analipwa 22 kwa saa, kule anapata 16. Sita mara saa 160 ni 960, tuseme 800 baada ya makato. Gari la pili haliepukiki, kwa sababu mmoja anaamkia shifti ya alfajiri na mwingine anapeleka watoto, na basi hakuna: rejesho la mkopo 350, bima 170, mafuta 130, jumla 650. Umeme, ukigawa bili za kiangazi kwa mwaka mzima, ongeza 80. Jumla 1,530. Familia hii imehamia jimbo la bei nafuu na kila mwezi inapungukiwa dola 280.

Fanya hesabu ileile tena, lakini mshahara wa mama ushuke dola 2 badala ya 6. Pengo la mshahara linakuwa kama 270 mkononi, na familia inabaki na faida ya 250. Unaona uzito uko wapi. Dola chache za saa zinaweza kula sehemu kubwa ya nafuu ya pango, kwa kuwa zinajizidisha mara 160.

Na kuna gharama ambayo haina risiti. Dada yako anayechukua watoto shuleni saa tisa alasiri, bibi anayelala nao ukiwa kwenye shifti ya usiku: hao hawapakiwi kwenye lori. Wape bei. Piga simu kituo cha kulelea watoto kule, uliza ada ya wiki kwa kila mtoto, na uulize kinafungwa saa ngapi, kwa sababu vingi hufungwa jioni na shifti yako inaisha saa tano usiku.

Bima ya afya

Hapa ndipo wageni wengi huruka majivu wakakanyaga moto. Massachusetts imepanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo, inayoitwa huko MassHealth, hadi kwa watu wazima wa kipato kidogo. Texas haijapanua. Mtu mzima wa chini ya miaka 65 mwenye afya yake, asiye na mtoto na asiye mjamzito, hapati Medicaid ya Texas hata akiwa hana senti. Mzazi naye hupata tu kama kipato chake ni kidogo mno, chini kabisa ya kile cha mtu mwenye kazi ya kudumu. Watoto wana nafasi nzuri zaidi, kupitia Medicaid ya watoto au CHIP, bima nyingine ya serikali kwa watoto.

MassHealth haivuki mpaka wa jimbo. Ukihama unafunga faili na kuomba upya. SNAP, msaada wa chakula, ni hivyohivyo: kadi yake ya EBT itasoma katika duka la Dallas, lakini huruhusiwi kuendelea kuitumia kwa faili la Massachusetts ukishakuwa mkazi wa Texas, na fedha zikilipwa kimakosa utadaiwa. Ukitaka bima ya soko la serikali kupitia HealthCare.gov, una siku 60 baada ya kuhama, na utatakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na bima walau siku moja katika siku 60 kabla ya kuhama. Hivyo usiache bima ya zamani ikakatika mapema. Kabla ya kuondoka, mwombe daktari dawa za miezi mitatu kwa wenye sukari, presha au pumu, na chukua kumbukumbu za chanjo za watoto. Shule ya kule itazidai.

Leseni za kazi

CNA hafanyi mtihani upya mara nyingi, lakini lazima jina lake lihamishiwe kwenye rejista ya Texas, na rejista ya jimbo analotoka iwe hai, bila doa. Ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi yenye malipo, hadhi hiyo inapotea na unarudia mafunzo au mtihani. Kwa hiyo omba ukiwa bado kazini huku.

Muuguzi wa RN atazame leseni yenyewe kama imeandikwa multistate, yaani ya majimbo mengi. Massachusetts ilipitisha sheria ya kujiunga na mkataba wa leseni za wauguzi mnamo Novemba 2024, lakini sheria kupita hakukubadilishi leseni iliyo mkononi mwako. Kama ni ya jimbo moja, omba ya Texas kwa njia ya kuidhinishwa: kuna alama za vidole, na kuna mtihani mfupi wa sheria za uuguzi za Texas. Kama tayari unayo ya majimbo mengi na unahamia jimbo lingine la mkataba, una siku 60 kuomba ya makazi mapya. Dereva wa CDL ana siku 30. Leseni ya kawaida ya udereva Texas inakupa siku 90, ila usajili wa gari ni siku 30.

Makaratasi ya uhamiaji

Asiye raia lazima aarifu USCIS, idara ya serikali kuu inayoshughulikia uhamiaji na uraia, anwani mpya ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11, na inafanyika mtandaoni bure. Mwenye grini kadi naye yumo. Fomu hiyo haifiki mahakamani. Kama una kesi mbele ya jaji wa uhamiaji, unajaza nyingine, EOIR-33, ndani ya siku 5.

Hili lielewe vizuri: kubadilisha anwani hakuhamishi kesi. Kesi yako inabaki Massachusetts mpaka uandike ombi la kuihamisha na jaji akubali. Kabla hajakubali, tarehe ya kusikilizwa ni ileile na mahakama ni ileile. Anayekosa kufika huamriwa kuondolewa nchini bila yeye kuwepo, na kuifuta amri hiyo ni kazi ngumu na ya gharama. Zungumza na wakili kabla hujatia saini mkataba wa pango kule.

Anayekaribia kuomba uraia ahesabu pia: sheria inataka uwe umekaa miezi mitatu katika jimbo au wilaya ya USCIS unayoombea. Ukihama wiki mbili kabla ya kutuma N-400, fomu ya kuomba uraia, unasubiri. Na mkimbizi aliyefika juzi asihame ndani ya siku 90 za mwanzo bila kuongea na shirika lililompokea, kwa sababu huduma za kipindi hicho zimefungwa kwa shirika hilo na hazimfuati.

Wenye watoto wa sekondari

Mtoto aliye darasa la 11 au 12 msihamishe bila kuongea na shule zote mbili. Texas ina mitihani ya STAAR ya mwisho wa somo ambayo mwanafunzi anapaswa kuipita ili ahitimu, na masomo aliyopita huku yanaweza kuhesabiwa tofauti kule. Chuo nacho kina hesabu yake: ada ya mkazi Texas hutaka miezi 12 ya makazi, wakati Massachusetts tangu 2024 inawasomesha wakazi bila ada ya masomo katika vyuo vyake vya jamii. Kama mwanao anamaliza mwakani, mwaka mmoja wa subira unaweza kukuokolea maelfu.

Ukifikiria kununua nyumba

Texas haina kodi ya mapato, lakini ina kodi ya majengo inayouma. Nyumba ya dola 300,000 yenye kiwango cha asilimia 2 inadaiwa 6,000 kwa mwaka kabla ya punguzo lolote, yaani 500 kila mwezi juu ya rejesho la mkopo. Mitaa mipya ya nje ya mji mara nyingi ina tozo ya ziada ya MUD, inayolipia mabomba na barabara za mtaa huo. Uliza kiwango chote kwa jumla, pamoja na MUD, kabla ya kupenda jiko.

Mtego mkubwa uko kwenye nyumba mpya kabisa. Thamani hupimwa tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo kiwanja kilikuwa kitupu, kodi ya mwaka huo ni ya udongo tu, na benki inaweza kukukata kidogo kila mwezi kwenye akaunti ya eskro, ile ya kuwekea fedha za kodi na bima ya nyumba. Mwaka unaofuata nyumba inapimwa ikiwa imesimama. Inakuja barua: eskro ina upungufu, rejesho la 2,100 sasa ni 2,650, na ndani yake kuna kulipia pengo la mwaka jana. Hakuna aliyekudanganya kwenye karatasi, kila kitu kilikuwa halali, lakini bajeti imepasuka. Mwambie afisa wa mkopo, kwa maandishi, akate eskro kwa thamani ya nyumba iliyokamilika tangu mwezi wa kwanza.

Ukishahamia ndani, jaza fomu 50-114 kwa ofisi ya upimaji ya kaunti upate punguzo la nyumba ya kuishi. Ni bure. Barua za watu wanaotaka dola kadhaa wakujazie, tupa. Anwani ya leseni ya udereva lazima ilingane na ya nyumba. Punguzo hilo pia linazuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Bima ya nyumba haifidii mafuriko. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoinyeshea Houston, maji yaliingia hata nyumba zilizo nje ya maeneo yaliyochorwa kuwa ya hatari. Bima ya mafuriko ya serikali huanza kufanya kazi baada ya siku 30, hivyo hainunuliwi wingu likishatanda.

Nenda ukaone, na uone wakati wa joto

Kaa wiki moja Agosti, siyo Desemba. Amka saa kumi na moja alfajiri, endesha hadi mahali utakapofanya kazi, rudi jioni na wengine wote barabarani. Mwombe mwenyeji wako bili yake ya umeme ya Agosti, usiridhike na kauli ya «si mbaya». Uliza wana magari mangapi. Kama mko wawili wenye kazi, ni busara mmoja atangulie miezi miwili, apate kazi na stabu za mshahara, maana apatimenti nyingi hutaka kipato mara tatu ya pango.

Angalia pia karibu. Nashua, New Hampshire, iko hatua chache kutoka Lowell na jimbo hilo halitozi kodi ya mshahara. Ila ukiishi Nashua na kufanya kazi Massachusetts, mshahara huo bado unakatwa kodi ya Massachusetts. Faida yake iko zaidi kwenye pango, kama ipo. Maine nayo ina jamii za Wakongo zilizokwisha kujipanga.

Lori na amana

Lori la kukodi la futi 26 hula galoni moja kwa takriban maili 10. Boston hadi Houston ni kama maili 1,850, hivyo andaa galoni 185 za mafuta, malazi ya siku tatu, na bei ya lori lenyewe, ambayo hupanda kwa njia wanayoelekea wengi. Ukitumia kampuni ya kuhamisha, hakiki namba yake ya USDOT, ya wizara ya uchukuzi ya Marekani. Kwa makadirio yasiyofunga, yaani bei inayoweza kubadilika, haiwezi kudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo ikukabidhi vyombo. Mwambie mwajiri tarehe ya kusimamisha makato ya Massachusetts, na mwakani jaza fomu ya mkazi wa sehemu ya mwaka.

Siku ya kuondoka piga picha kila chumba, ndani ya oveni na chini ya sinki, na umpe mwenye nyumba anwani mpya kwa maandishi. Massachusetts inampa siku 30 kurudisha amana au kueleza alichokata, na hundi isiyojua pa kwenda hurudi kwake.