Mtoto Ana Kifafa: Je, Kumpa Dawa Kunavunja Tawakali?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mwanangu wa miaka tisa ana kifafa. Kwa vidonge vya hospitali alikaa mwaka mzima hajaanguka. Sasa ustadhi anayemsomea ametuamuru tuache vidonge siku arubaini, mtoto anywe kombe tu (maji yaliyooshewa maandishi ya Qur'ani), kwa kuwa mwenye kutegemea vidonge hana tawakali, yaani hamtegemei Mola wake. Ametusomea hadithi ya watu elfu sabini na ya mwanamke aliyesubiri kifafa akapata Pepo. Mume wangu amekubali. Leo siku ya nne, na mtoto jana kaanguka mara mbili. Nikimpa dawa kwa siri, nitakuwa nimemuasi mume wangu na Mola wangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Dada yangu, mpeleke mtoto kliniki leo, hata kabla ya kumaliza kusoma haya. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na mtoto huweza kushikwa na mshtuko usiokoma ukamuua. Daktari ndiye atakayesema aanze tena kwa kipimo gani. Hujamuasi Mola wako kwa hilo. Umeitikia amri yake: “Wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo” (Qur'ani 2:195).

Sasa nije kwa ustadhi, kwa sababu maneno yake nayasikia kila pembe siku hizi na watoto wa watu wanaumia.

Hadithi ya watu elfu sabini watakaoingia Peponi bila hesabu ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Sifa zao ni kwamba hawaombi kusomewa, hawaamini mikosi, hawajitibu kwa kuchomwa moto, na wanamtegemea Mola wao. Vidonge viko wapi hapo? Kilichotajwa waziwazi ni kuomba kusomewa, nayo ndiyo kazi ya ustadhi mwenyewe! Akiichukua hadithi hii kwa dhahiri yake, basi wa kwanza kufunga mlango ni yeye. Sisemi kisomo ni kibaya, Mtume (s.a.w.) alisoma na alisomewa. Lakini Mtume huyohuyo alipigwa chuku (kuumikwa damu) akamlipa mpigaji, akampelekea sahaba wake Ubayy bin Ka‘b tabibu, na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, akawajibu: “Jitibuni, enyi waja wa Allah.” Nani basi anayethubutu kusema kwamba tawakali yake imeishinda ya Mtume?

Na yule mwanamke? Alikwenda kwa Mtume mwenyewe akasema: naanguka kifafa na nguo zinanifunuka, niombee. Akamwambia: ukitaka subiri upate Pepo, na ukitaka nitakuombea upone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke. Tazama vizuri. Alikuwa mtu mzima, akachagua kwa nafsi yake, tena baada ya kupewa ahadi ya Pepo na Mtume, asiyesema kwa matamanio. Mwanao amechagua nini? Na ustadhi amepewa na nani mamlaka ya kugawa Pepo, malipo yawe mwili wa mtoto wa mwenzake?

Ni kweli wanazuoni walihitilafiana juu ya kujitibu, na sitaki kuficha. Imamu Ahmad aliona kuacha dawa ni daraja ya juu kwa mwenye tawakali. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi huku pwani, Imamu Nawawi ameandika kuwa kujitibu ni sunna. Lakini mjadala wao ulikuwa juu ya mtu na nafsi yake, na juu ya tiba ambazo manufaa yake wakati ule mara nyingi yalikuwa ya kudhania. Imamu Ghazali katika kitabu chake Ihya ametenganisha: sababu yenye uhakika, kama maji kwa mwenye kiu, kuiacha si tawakali hata kidogo, na ni haramu ikihofiwa mauti. Dawa iliyomzuia mtoto asianguke mwaka mzima mimi naiweka karibu na maji hayo. Na mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria ya Kiislamu), katika kikao chake cha Jeddah, lilitamka kuwa tiba inakuwa wajibu pale kuiacha kunapopelekea kupoteza uhai, kiungo au uwezo.

Kuhusu majini, ambao wengi husema ndio waletao kifafa: mwanazuoni Ibn al-Qayyim, ambaye hakuna anayemtuhumu kuwakanusha, aliandika kuwa kifafa ni cha aina mbili, kimoja cha roho chafu na kingine cha mwili, na hiki cha pili ndicho wanachokizungumzia matabibu. Anayekuta dawa inafanya kazi kisha akaikataa hamfuati hata Ibn al-Qayyim. Tena Mtume amesema anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, atadhamini madhara yake. Ustadhi na aambiwe hadithi hiyo.

Mume wako usimfanyie siri. Huna dhambi ukimpa mtoto dawa bila idhini yake, maana hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini kidonge cha siri hugunduliwa, na nyumba ikaingia ugomvi wa pili. Mwambie kwa upole, nenda naye kliniki, daktari amweleze yeye mwenyewe. Msomeshe jibu hili. Naye ni baba, ameogopa kama ulivyoogopa wewe, na mwenye hofu humkubali yeyote anayezungumza kwa uhakika. Kisomo endeleeni nacho: msomee mwenyewe Fatiha na Muawidhatayn (sura mbili za mwisho za Qur'ani) kila usiku, bila malipo na bila kusimamisha kidonge hata kimoja.

Akianguka, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, msimtie kijiko mdomoni wala msimbane. Ikipita dakika 5, hospitali. Mate yake hayaambukizi. Wafundishe jirani na mwalimu wake hilo, kwani watoto wangapi wameachwa waungue motoni kwa sababu watu waliogopa kugusa povu. Asiachwe peke yake jikoni, kisimani wala baharini. Shuleni aende.

Wala usimsikilize anayekwambia haya ni malipo ya dhambi yako.

Wallahu aalam.