Maswali ya Wasomaji: Kuacha Pikapu Kubwa na Kuchukua Ndogo kwa Ajili ya Familia

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Houston, Texas. Tuna pikapu aina ya Ford F-150 ya mwaka 2018, yenye milango minne na injini ya V8 ya lita 5.0. Mume wangu aliinunua alipokuwa akifanya kazi ya kukata nyasi na kutunza bustani za watu, akivuta tela la mashine karibu kila siku. Sasa ameajiriwa ofisini na tela limeshauzwa. Gari limebaki la kupeleka watoto shule, kwenda sokoni, na mara mojamoja kubeba viti vya plastiki, meza na masufuria makubwa wanajamii wenzetu wanapokuwa na shughuli. Watoto ni watatu: mmoja ana miaka 9, wa pili miaka 5, na mdogo ana miezi 8. Mume wangu anataka Ford Maverick ya haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme, kwa sababu ya mafuta. Mimi nimevutiwa na Toyota Tacoma na Honda Ridgeline. Kila tunayemuuliza anasema lake. Je, tutaenea? – Mama wa watoto watatu, Houston

JIBU: Dada yangu, hilo swali lako la mwisho ndilo linalopaswa kutangulia mengine yote. Wengi wanaobadilisha pikapu huanza kwa kulinganisha nguvu za injini na ukubwa wa bodi ya mizigo, kisha hukutana na ufinyu wa kiti cha nyuma wakiwa wameshatia saini mkataba wa mkopo. Kwa familia yenye watoto watatu ambao wote bado wanahitaji viti vyao maalumu, kiti cha nyuma ndicho kitakachoamua.

F-150 yenu ina nafasi ya miguu ya nyuma inayozidi sentimita 110, na mmeizoea kiasi kwamba huenda hamuioni tena kuwa ni kubwa. Katika Ridgeline nafasi hiyo ni takriban sentimita 93, katika Maverick ya haibridi ni 91, na katika Tacoma ya milango minne ni 86 tu. Utaona kwamba Tacoma, ambayo kwa nje ni ndefu kuliko Maverick kwa zaidi ya sentimita 30, ndiyo inayowabana zaidi walioketi nyuma. Sababu ni kwamba Tacoma imejengwa juu ya chesisi ya pikapu ya kazi, sakafu yake iko juu na injini imelazwa kwa urefu, ilhali Maverick na Ridgeline hazina chesisi ya kando, bali zimeundwa kipande kimoja kama magari madogo, na injini zake zimekaa kwa upana mbele, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya urefu wa gari inabaki kwa abiria.

Mtoto wa miezi 8 anapaswa kuketi akitazama nyuma, na aendelee hivyo mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chake. Kiti cha namna hiyo huegemea kwa mshazari na kula nafasi kubwa, hivyo kiti cha mbele yake lazima kisogezwe. Ikiwa mume wako ni mrefu, magoti yake yanaweza kufika kwenye dashibodi. Ndiyo maana nakusihi msiende kwa muuzaji mikono mitupu. Bebeni viti vyote vitatu, mume wako akae kwenye usukani jinsi anavyoendesha siku zote, kisha mvifunge viti vyote kwa wakati mmoja na mfunge milango. Mtoto wa miaka 9 apande mwenyewe na ajaribu kujifunga mkanda bila kusaidiwa. Mara nyingi kiti cha jirani hufunika kifungio cha mkanda, mkono wa mtoto haufiki, na asubuhi za shule zitakuwa na vurugu kila siku. Maverick ni nyembamba kuliko F-150 kwa karibu sentimita 20, na upungufu huo utauona hapo hapo.

Kuna jambo jingine kuhusu pikapu ambalo watu hawaambiwi dukani. Kwa kuwa kiti cha nyuma kimeegemea ukuta wa kabini, katika pikapu nyingi ule mkanda wa juu wa kiti cha mtoto anayetazama mbele hauna ndoano iliyo wazi nyuma yake. Hupitishwa kwenye kitanzi kilicho nyuma ya egemeo, kisha hukazwa kwenye nanga ya nafasi ya jirani. Someni kitabu cha gari kabla ya kujaribu. Zile nanga za chini za kuchomekea kiti nazo kwa kawaida ziko pembeni mbili tu, na zina kikomo: uzito wa mtoto pamoja na kiti chake usizidi ratili 65, yaani karibu kilo 29.5. Mtoto wa miaka 5 aliye kwenye kiti kizito anaweza kuwa anakikaribia kikomo hicho bila wazazi kujua. Akikipita, tumieni mkanda wa gari, ambao ukikazwa vizuri ni salama vilevile. Sheria ya Texas inadai kiti maalumu kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, isipokuwa awe ameshafikia urefu wa futi 4 na inchi 9, lakini mwili wa mtoto haujui sheria ya jimbo: huyo wa miaka 9, kama hajafikisha sentimita 145, bado anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani na si shingoni.

Nimekaa sana kwenye suala la kiti cha nyuma kwa makusudi. Kwa mizigo yenu sina wasiwasi mkubwa. Maverick imeruhusiwa kubeba hadi takriban kilo 680, na Ridgeline inaizidi kidogo, ila fahamu kwamba uzito huo unajumlisha watu waliomo ndani. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko cha matairi kwenye nguzo. Hapo pameandikwa uzito wa abiria na mizigo ambao gari hilo hasa, pamoja na vikorombwezo vyake, halipaswi kuuzidi. Ninyi watano pamoja na viti vya watoto mkifika, tuseme, kilo 300, bado kuna nafasi ya kutosha kwa viti vya plastiki na masufuria ya pilau. Kitakachowakwaza ni urefu. Bodi ya Maverick ina futi 4 na nusu, pungufu ya yenu kwa futi moja, na matuta yanayofunika matairi yanaiminya katikati, kwa hiyo ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8 hulazwa juu ya matuta hayo huku mlango wa nyuma ukiachwa nusu wazi kuushikilia. Ridgeline ina upana wa kuulaza chini kabisa, na tena ina buti yenye kufuli chini ya sakafu ya bodi, mahali pazuri pa kuweka vyakula na mkokoteni wa mtoto mvua inaponyesha. Kwa familia, buti hiyo ina faida kubwa kuliko inavyosikika. Na siku ya shughuli, ndugu wakizidi, msikubali kijana yeyote apande bodini. Texas inakataza abiria aliye chini ya miaka 18 kukaa huko, na ni katazo la haki.

Kuhusu mafuta, mume wako ana hoja ya kweli, lakini ni kwa Maverick ya haibridi peke yake. F-150 yenu inakwenda takriban maili 18 au 19 kwa galoni, na Maverick ya haibridi inayovuta kwa magurudumu ya mbele imepimwa maili 37. Mkitembea maili 12,000 kwa mwaka, mtashuka kutoka galoni 650 hivi hadi 325. Ridgeline imepimwa maili 21, kwa hiyo mtaokoa galoni 80 tu au chini ya hapo. Mwenye kuiuza F-150 na kununua Ridgeline kwa sababu ya mafuta pekee atakuwa amejitwisha mkopo mpya kwa faida ndogo sana.

Mkiamua kubadilisha, piga hesabu ya kodi kabla ya kutangaza gari lenu kwa watu binafsi. Texas hutoza asilimia 6.25 ya bei ya gari, lakini ukimkabidhi muuzaji gari lako la zamani, kodi hutozwa kwenye tofauti ya bei tu. Gari la dola 32,000 mkilipunguzia F-150 iliyothaminiwa dola 20,000, kodi inakuwa dola 750 badala ya 2,000. Kwa hiyo mnunuzi binafsi lazima awape angalau dola 1,250 zaidi ndipo mpate faida ya kuhangaika naye. Ikiwa deni la F-150 bado linazidi thamani yake, tulieni kwanza mlilipe. Kulihamishia deni hilo kwenye mkopo mpya ni kulipia magari mawili na kuendesha moja.

Kwa maelezo uliyonipa, na kama viti vitatu vitaenea pasipo kumbana dereva, ningechagua Maverick ya haibridi. Visipoenea, Ridgeline. Tacoma ni gari imara sana, lakini kwa watoto watatu wa umri huo singewashauri.

SWALI: Mhariri, mimi naishi Minneapolis, nina watoto wawili wakubwa kidogo na pikapu ya Chevrolet Silverado ambayo imekuwa kubwa kuliko haja yetu, haiingii hata kwenye gereji. Nyumbani Arusha nilizoea Hilux ya kabini mbili. Kwa nini haiuzwi huku? Na je, pikapu ndogo itaweza kuvuta tela letu la kulala kambini, lenye uzito wa kilo 1,400, mara mbili tatu kila kiangazi? – Baba wa wawili

JIBU: Ndugu yangu, Hilux iliuzwa Marekani kwa miaka mingi, baadaye ikiitwa Toyota Pickup tu, mpaka Tacoma ilipochukua nafasi yake mwaka 1995. Tangu mwaka 1964 Marekani hutoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, ushuru uliozaliwa na ugomvi wake na nchi za Ulaya juu ya biashara ya kuku. Ushuru huo umewafanya watengenezaji waunde pikapu za soko hilo humohumo Amerika Kaskazini. Tacoma ndiyo inayoikaribia Hilux, na kwa watoto wakubwa wawili ufinyu wa nyuma nilioutaja juu unavumilika, mradi wasiwe warefu sana.

Kuhusu tela, kwanza uliza kama hizo kilo 1,400 ni za tela tupu. Tangi la maji la lita 100 peke yake linaongeza kilo 100, bado magodoro, gesi, vyombo na vyakula. Maverick ya kawaida inaruhusiwa kuvuta kilo 907 tu, kwa hiyo iondoe. Ile iliyofungwa vifaa maalumu vya kuvuta inafika kilo 1,814, na tangu matoleo ya mwaka 2025 vifaa hivyo vinapatikana pia kwenye haibridi inayosukuma magurudumu yote manne, ambayo kwa barafu ya Minnesota ndiyo ningeitazama. Ridgeline inafika kilo 2,268, na Tacoma nyingi za milango minne zinazidi hapo.

Usiishie kwenye tarakimu hizo. Tela lililopakiwa sawasawa hukandamiza ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na uzito huo hutolewa kwenye ule unaoruhusiwa kubebwa na gari. Tela la kilo 1,700 litachukua kilo 170 hadi 255 kabla familia haijapanda. Halafu F-150 na Silverado za milango minne zina takriban mita 3.7 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ilhali Maverick ina takriban mita 3.1, na gari fupi husukumwa kwa urahisi zaidi na tela linapoyumbishwa na upepo au lori linalopita kwa kasi. Kwa safari zenu ningechukua Ridgeline au Tacoma. Ukiipenda Maverick kwa mambo mengine yote, acha tela na ukodi kibanda huko huko kambini. Zote tatu zitaingia gerejini, lakini pima kwanza: Maverick ina mita 5.07, Ridgeline mita 5.34 na Tacoma mita 5.41.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Utafiti wa taasisi ya IIHS, inayogharimiwa na makampuni ya bima, ulionyesha mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti iliyoinuka zaidi ya inchi 40 huwa na uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, yakilinganishwa na yale yenye boneti ya inchi 30 au chini inayoteremka. Boneti ya Maverick iko chini kuliko ya pikapu kubwa, na mtoto anayepita mbele ya gari mtaani kwenu ataonekana mapema zaidi.

SWALI: Kaka yangu aliyeko Dallas amenunua gari dogo na anataka kututumia F-150 yake ya zamani hapa Mombasa iwe gari la familia. Tuikubali? – Dada mtu, Mombasa

JIBU: Mwambieni asiisafirishe, dada. Kenya hairuhusu kusajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, isipokuwa magari maalumu kama ya zimamoto, na gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Likifika bandarini litazuiliwa, na gharama za kulihifadhi zitapanda kila siku. Auze huko huko na awatumie fedha. Kwa fedha hizo tafuteni Hilux au Isuzu D-Max ya kabini mbili iliyokwisha kusajiliwa nchini. D-Max huunganishwa Nairobi, kwa hiyo vipuri na mafundi wapo. Kabla hamjalipa, mpelekeeni fundi wenu mwenyewe, asiyetafutwa na muuzaji, aikague chesisi kama ina kutu ya chumvi au ilishachomelewa, na mhakikishe kila nafasi ya kiti cha nyuma, pamoja na ya katikati, ina mkanda unaovutika na kujifunga vizuri.