Chagua cherehani kwanza, mengine yafuate

Dada yangu, umesema kila Januari unaandika malengo kumi na ikifika Pasaka hujui hata daftari liko wapi. Mwaka huu unataka cherehani, kiwanja na kozi ya kompyuta, yote kwa hela ya biashara yako ya maandazi. Usijilaumu. Malengo ni mazuri, ila yanagombania mfuko mmoja.

Mimi ningeanza na cherehani, maana ndiyo itakayokuingizia hela ya hayo mengine. Bei umesema ni 360,000. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinakusubiri, na wateja wenyewe wamechacha, kwa hiyo usijibane mwezi huo. Anza Machi: 10,000 kwa wiki, wiki 36, unamaliza mapema Novemba, kabla watu hawajaanza kushona nguo za sikukuu na sare mpya. Ni kama 1,700 kwa siku ukiuza siku sita. Itoe palepale asubuhi maandazi yakiisha, ukishatenga mtaji wa unga, mafuta na sukari. Ikingoja jioni italiwa.

Ukiiweka kwenye kikoba, uliza kwanza kinavunjwa lini. Kikivunjwa mwishoni mwa Desemba, msimu utakuwa umekupita.

Wiki ukiuguliwa na mtoto ukakosa, usihangaike kulipa mbili kwa mpigo; hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea na wiki inayofuata, utachelewa kidogo tu. Na tafadhali, kiwanja kisubiri. Usikope kwa ajili yake mwaka huu.